Neva za Figo Katika Mshtuko wa Sepsisi: Yaliyoonekana kwa Wanyama

Ateri inayopeleka damu kwenye figo imefunikwa na nyuzi nyembamba za neva zinazotambaa kwenye ganda lake la nje. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo hubeba amri kutoka kwenye uti wa mgongo kwenda figoni. Ni tawi la mfumo wa simpathetiki, ule unaoharakisha moyo na kubana mishipa mwili unapokuwa hatarini. Zilizobaki hurudisha taarifa za figo kwenye ubongo. Kuunguza neva za figo ni kuziharibu nyuzi hizo kwa makusudi, na tiba hiyo ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye presha ya kupanda isiyosikia dawa. Watafiti wamekuwa wakijiuliza swali tofauti kidogo: mnyama asiye na neva hizo hupatwa na nini anapoingia katika mshtuko wa sepsisi? Majibu yaliyopatikana hayaelekei upande mmoja, na sababu kubwa ni kwamba neva hizo hufanya kazi zaidi ya moja.

Sepsisi, kwa tafsiri iliyokubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2016, ni kushindwa kwa viungo vya mwili kunakohatarisha maisha, kukitokana na mwili kuyajibu maambukizi kwa namna iliyovurugika. Mshtuko wa sepsisi ni hatua mbaya zaidi. Mishipa ya damu hulegea, na hata baada ya mgonjwa kupewa maji ya kutosha, wastani wa presha haubaki kwenye milimita 65 za zebaki bila dawa ya kubana mishipa, huku laktati kwenye damu ikizidi milimoli 2 kwa lita. Kati ya wagonjwa 100 wa hali hiyo, zaidi ya 40 hufia hospitalini. Kwa makadirio ya mwaka 2017, watu milioni 48.9 walipata sepsisi duniani na milioni 11 walikufa nayo au kwa sababu yake, na Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa sehemu zilizobeba mzigo mkubwa zaidi. Figo ni kati ya viungo vinavyoshindwa mapema. Mkojo hupungua, kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda, na mgonjwa ambaye figo zake zimefeli ana nafasi ndogo zaidi ya kutoka wodini akiwa hai.

Kwamba neva huitawala figo si habari mpya. Mfaransa Claude Bernard aliona mwaka 1859 kwamba akikata neva ya splanikiki ya mnyama, mkojo wa figo ya upande huo huongezeka. Utafiti wa karne iliyofuata ulieleza sababu. Neva za simpathetiki zikisisimka kidogo tu, figo humwaga renini, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa angiotensini II, homoni ya kubana mishipa. Msisimko ukiongezeka, mirija ya figo huzuia chumvi na maji visipotee. Ukizidi zaidi, mishipa ya figo yenyewe hujibana na damu inayoingia hupungua.

Utata wa mshtuko umejificha katika mpangilio huo. Renini na chumvi vinasaidia kuinua presha inayoporomoka, kwa hiyo neva za figo ni sehemu ya ulinzi. Lakini zikibana kupita kiasi, figo hukosa damu na oksijeni. Mtafiti anayetazama presha pekee atategemea kwamba kukata neva hizo ni madhara, na anayetazama figo pekee atategemea nafuu.

Maabara zina njia mbili za kuzikata. Ya kwanza ni upasuaji: nyuzi zinazoonekana huambuliwa kutoka kwenye ateri, kisha ateri hupakwa fenoli ili kuua zilizobaki. Ya pili ni katheta inayopitishwa ndani ya ateri na kuunguza ukuta wake kwa mawimbi ya redio, kama inavyofanywa kwa binadamu. Kazi huhakikiwa kwa kupima noradrenalini kwenye nyama ya figo, kwa kuwa kemikali hiyo hutolewa na ncha za neva. Neva zikikatika barabara, noradrenalini hubaki kidogo sana. Kundi jingine la wanyama hufanyiwa upasuaji uleule pasipo kukata neva, ili athari ya kisu isichanganywe na athari ya kupoteza neva. Jaribio lisilo na kundi hilo halina uzito.

Kuleta sepsisi nako kuna njia zake. Rahisi kuliko zote ni kudunga endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria. Huwasha kinga ya mwili kwa kishindo, lakini hakuna mdudu hai anayezaliana. Njia nyingine kwa panya ni kufunga na kutoboa utumbo kipofu ili kinyesi kivujie tumboni, hali inayokaribiana na mgonjwa aliyepasuka utumbo. Njia ya tatu ni kumwingizia mnyama mkubwa bakteria hai kwenye mshipa kwa saa nyingi. Yanayoonekana kwa njia moja mara nyingi hayaonekani kwa nyingine, na panya wana ustahimilivu wa endotoksini ulio mkubwa mno kuliko wa binadamu.

Njia ya tatu ndiyo iliyotumiwa na wanafiziolojia wa Taasisi ya Florey mjini Melbourne, Australia. Kondoo hufungwa kifaa cha kupima mtiririko kwenye ateri ya figo, huachwa apone, kisha huingiziwa bakteria wa Escherichia coli akiwa macho, bila dawa ya usingizi ambayo ingevuruga neva. Matokeo yalipingana na vitabu vya zamani. Ilidhaniwa kwamba figo hufeli katika sepsisi kwa kukosa damu, ilhali kwa kondoo hao damu inayoingia figoni iliongezeka sana huku uchujaji ukiporomoka. Walipopima oksijeni ndani ya figo, walikuta kwamba sehemu ya ndani, ambayo hata kwa mnyama mzima huishi na oksijeni kidogo, hupungukiwa mapema, kabla kreatinini haijapanda. Neva nazo zilikuwa na mambo yake: katika saa za mwanzo shughuli ya neva za figo ilipungua, kisha ikapanda kadiri mshtuko ulivyoendelea, na haikwenda sambamba na ya neva za moyo. Kwa hiyo neva zilizokatwa kabla ya maambukizi na zilizokatwa baada ya presha kuanguka si jaribio moja, hata kama jina ni lile lile.

Timu hiyo iliripoti jambo jingine mwaka 2016. Noradrenalini ya dripu, dawa ya kwanza ya kuinua presha katika mshtuko wa sepsisi, iliirudisha presha ya kondoo mahali pake, lakini ikazidisha upungufu wa oksijeni katika sehemu ya ndani ya figo. Namba ya kwenye mashine ilikuwa nzuri na kiungo kilikuwa kinaumia. Madaktari wa Afrika Mashariki walikwisha kukutana na funzo la jamaa hiyo. Jaribio la FEAST la Kenya, Tanzania na Uganda, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walitoka kwenye dalili za mshtuko mapema zaidi, lakini ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya ambao hawakupewa.

Kuhusu neva zilizokatwa zenyewe, jaribio lenye mengi ya kufundisha lilifanywa Ujerumani kwa panya wadogo na kuchapishwa mwaka 2021. Watafiti walikata neva za figo moja au zote mbili, kisha wakawapa wanyama magonjwa tofauti. Panya waliodungwa endotoksini waliumia zaidi: figo zisizo na neva zilivamiwa na neutrofili nyingi, zile seli nyeupe za mstari wa mbele, na uvimbe ukawa mkali. Ila bakteria walipopandishwa kutoka njia ya mkojo, hali iligeuka. Figo zilizokatwa neva zilikuwa na bakteria wachache na neutrofili wachache, na pale ilipokatwa upande mmoja tu, figo ya pili yenye neva zake ndiyo iliyojaa bakteria, hata kuliko za panya ambao hawakukatwa kabisa.

Maelezo yao yanaridhisha kwa sababu sababu moja inazaa matokeo yote mawili. Neva ikiondoka, mishipa ya figo hulegea, damu nyingi zaidi huingia na uchujaji hupanda. Sumu ikiwa kwenye damu, figo inayopokea damu nyingi hupokea sumu nyingi. Bakteria wakiwa kwenye njia ya mkojo, mkojo mwingi huwasukuma nje. Figo ya upande wa pili, ambayo uchujaji wake ulipungua ili kufidia, ilikosa msukumo huo. Mtu aliyesoma nusu ya kwanza ya jaribio hilo angetangaza kuwa kukata neva ni hatari katika sepsisi. Aliyesoma nusu ya pili angetangaza kinga mpya.

Neva za simpathetiki pia huzungumza na kinga ya mwili. Kundi jingine la Melbourne lilionyesha mwaka 2014 kwamba panya waliokatwa neva za splanikiki, zinazohudumia viungo vya tumboni, walipodungwa endotoksini walitoa TNF, kemikali kuu ya uvimbe, kiasi cha mara tano ya kawaida. Neva hizo, kumbe, ni breki ya uvimbe. Majaribio ya baadaye ya bakteria hai yakaonyesha upande wa pili: breki ikiondolewa, mwili huwaondoa bakteria vizuri zaidi. Neva za splanikiki si neva za figo, ingawa zimepakana na kuchangia njia, na kulihamishia figo tokeo hilo moja kwa moja ni kuvuka mipaka ya ushahidi.

Swali lenye uzito kwa hospitali linahusu presha. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwatoa damu kondoo ambao neva zao za figo zilikuwa zimeunguzwa kwa katheta miezi kadhaa kabla. Presha yao ilianguka zaidi kuliko ya wenzao wenye neva kamili, na mwitikio wa kujilinda, ikiwemo renini, ulikuwa hafifu. Kutokwa damu si sepsisi, lakini zote mbili huushusha mfumo uleule wa presha. Angiotensini II, ambayo uzalishaji wake huanza na renini, imekubaliwa Marekani tangu Desemba 2017 kama dawa ya mshtuko wa sepsisi, jambo linaloonyesha thamani yake presha inapokataa kupanda. Vilevile neva hazipotei daima. Kwa kondoo zilianza kurejea na kufanya kazi miezi mitano na nusu baada ya kuunguzwa, na kufikia mwezi wa 11 zilikuwa zimerudi karibu kama mwanzo.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kuingia katika mshtuko, kupitisha katheta ateri ya figo ili kuunguza neva ni jambo lisilofikirika: lina hatari zake na halirudishiki upesi. Dawa za kutuliza simpathetiki kama klonidini na deksmedetomidini zinafaa zaidi kuchunguzwa, kwa kuwa dripu ikifungwa athari yake huisha. Kwa kondoo wenye sepsisi, klonidini ilirudisha uwezo wa mishipa kuitikia dawa za kubana, na deksmedetomidini ilipunguza kiasi cha noradrenalini kilichohitajika na kuhifadhi oksijeni ya figo. Kwa binadamu mambo hayakuwa mepesi. Jaribio la SPICE III la mwaka 2019, lililohusisha wagonjwa wapatao 4,000 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, wengi wao wakiwa na sepsisi, halikuona tofauti ya vifo kwa siku 90 kati ya deksmedetomidini na dawa za kawaida za usingizi.

Kuunguza neva za figo kwa ajili ya presha nako kulipitia misukosuko. Ripoti ya kwanza kwa binadamu ilitoka mwaka 2009, jaribio kubwa la SYMPLICITY HTN-3 likashindwa kuonyesha faida mwaka 2014, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha vifaa viwili Novemba 2023 baada ya majaribio mapya. Idadi ya watu wanaotembea na figo zilizounguzwa neva itaongezeka, na baadhi yao wataletwa hospitalini na sepsisi. Daktari anayempokea mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kuulizia historia hiyo, na kutegemea kwamba presha inaweza kuanguka upesi zaidi. Antibaotiki ya mapema, maji kwa kipimo na dawa ya kubana mishipa vinabaki vilevile. Kuunguza neva za figo ni tiba ya presha sugu; kwa ushahidi uliopo wa wanyama, si tiba ya sepsisi.