Utangulizi: Tangazo na Wasomaji Wake Wawili

Mwaka 1964 mwanazuoni wa Kifaransa Roland Barthes alichapisha makala katika jarida la Communications, na sehemu kubwa ya makala hayo ilihusu tangazo moja tu, la tambi za Panzani. Picha yake ni ya kawaida. Wavu wa kubebea vitu vya sokoni umefunguka nusu, na humo zimechomoza pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu, pilipili hoho na uyoga, manjano na kijani juu ya wekundu. Barthes alitaka kujua tunayaelewaje haya yote kwa kutupa jicho mara moja. Wavu unatuambia kwamba mtu ametoka sokoni sasa hivi. Vyakula vya kiwandani vimewekwa karibu na mboga mbichi ili navyo vionekane vibichi. Jina na rangi vinanong'ona Italia, ingawa kampuni ilikuwa ya Ufaransa.

Katika makala hayo kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo mlango wa taaluma hii. Barthes anasema kwamba huo Uitalia huonwa na Mfaransa. Mwitaliano akitazama picha hiyohiyo, ni nadra auone. Kwake nyanya ni nyanya, na jina kama Panzani halimshtui. Kwa hiyo maana ile haikukaa yote ndani ya wavu. Sehemu yake ililetwa na msomaji, tena bila yeye kujua kwamba ameileta.

Nawakaribisha basi katika uchambuzi wa matangazo kwa kuanzia hapo, na kwa ombi moja: msiufanye peke yenu. Mtu hawezi kuona kile anachokitia mwenyewe kwenye picha. Anachokitia kinamjia kama kitu kilichokuwapo tangu awali, kama rangi ya ukuta. Barthes alimleta Mwitaliano wake kwa kumfikiria tu. Ninyi mna bahati zaidi, kwa sababu mwenzenu ameketi dawati la pili.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipangwa na mwenzangu wa darasa kuchambua bango la sabuni ya unga, lile la kubandikwa kwenye milango ya maduka ya mtaani. Mama anatabasamu uani, ameinua shati jeupe la shule, mtoto amesimama pembeni akilitazama. Tulikubaliana kila mmoja aandike anachokiona kabla ya kusikia la mwenzake. Mimi katika mistari ya mwanzo kabisa niliandika bomba. Lilikuwa nyuma ya mama, dogo, nusu limefunikwa na kanga iliyoanikwa. Nimekulia mahali ambapo ndoo ya maji ilibebwa kichwani kutoka mbali, na kwangu bango lile lilikuwa linaonyesha, kabla ya sabuni, nyumba yenye maji. Mwenzangu, mtoto wa mjini, hakuliandika kabisa. Alilitazama, akaliona, lakini halikumwambia kitu.

Yeye naye alikuja na jambo ambalo nisingelipata hata kama ningelala na bango lile ukutani. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Akaweka kidole kifuani pa shati, akanionyesha mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Ile ni mikunjo ya kiwandani, akasema. Shati hili limetolewa kwenye mfuko wake leo, halijawahi kuvaliwa, halijawahi kufuliwa. Sabuni ilikuwa inasifiwa kwa weupe wa nguo ambayo haijawahi kukutana na sabuni.

Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na bado sijapata mfano bora wa kile anachokieleza Judith Williamson katika kitabu chake cha 1978 kuhusu kusimbua matangazo. Anachukua tangazo la manukato ya Chanel No. 5: uso wa mwigizaji Catherine Deneuve, chupa, na jina. Hakuna maneno yanayosema kwamba uso ule na chupa ile vina uhusiano wowote. Vimewekwa pamoja tu, na sisi ndio tunaohamisha haiba ya uso kuipeleka kwenye chupa. Tangazo hutuachia kazi hiyo kwa makusudi, maana kiungo tulichokifunga wenyewe hatukitilii shaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa shati letu. Hakuna neno lililodai kwamba shati lilikuwa chafu jana. Tulilichafua wenyewe vichwani mwetu, kisha tukaipa sabuni sifa ya kulitakatisha.

Mtakutana na majina mengine katika sura zijazo. Stuart Hall, katika andiko lake la 1973, alieleza kwamba mpokeaji anaweza kuukubali ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuujadili, au kuupinga. Gunther Kress na Theo van Leeuwen, mwaka 1996, walitoa sarufi ya picha: nani anatutazama machoni, nini kimewekwa juu au chini, kushoto au kulia. Waliona kwamba upande wa kushoto mara nyingi hubeba yanayojulikana na wa kulia mapya, wakakiri kwamba mpangilio huo unafuata mwelekeo wa maandishi ya jamii husika. Pwani yetu, ambako Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, tahadhari hiyo si ya kusomwa na kusahauliwa.

Sasa kuhusu namna ya kufanya kazi wawili. Jozi nyingi hugawana: wewe chukua maneno, mimi nachukua picha, tutaunganisha Alhamisi. Siupendi mgawo huo hata kidogo, kwa kuwa unakata mahali penyewe tunapotaka kupachunguza. Barthes alisema maneno huitia picha nanga, yaani huizuia isielee kwenye maana nyingine zinazowezekana. Fikirieni M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007. Majaribio yake ya 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini washiriki wakaanza kuitumia kupelekeana fedha. Kampeni ya uzinduzi ikashika wito mmoja mfupi, wa kutuma pesa nyumbani. Simu mkononi ingeweza kumaanisha biashara, akiba au deni. Maneno yale yakaifunga kwa mzazi aliyebaki kijijini. Anayeshughulikia picha peke yake haioni nanga, na mwenye maneno peke yake hajui imezuia nini. Tena, katika jozi hiyo akiwemo mmoja ambaye nyumbani kwao hutegemewa atume, na mwingine ambaye hutumiwa, mazungumzo yao yatafika mahali ambapo nadharia pekee haifiki.

Andikeni kila mtu kivyake kwanza. Badilishaneni karatasi. Yale ambayo wote mmeyaandika yawekeni kando kwa muda, myashughulikie baadaye. Anzeni na yaliyo kwenye karatasi moja tu, na muulizane kila jambo limetoka wapi. Swali hilo huingia katika maisha ya mtu, kwa hiyo liulizwe kwa adabu. Mkishindwa kukubaliana, msilazimishe. Mimi na mwenzangu hatukukubaliana kamwe kama bomba lile liliwekwa makusudi au lilikuwapo tu uani walikopigia picha. Tuliziandika hoja zote mbili kwenye ripoti, kila moja na ushahidi wake, na hadi leo nashikilia yangu.

Kwa sura ya kwanza chagueni tangazo lililochapishwa, lisiwe la video, ili mweze kuliweka mezani na kugusa sehemu mnayoizungumzia. Kila mmoja awe na karatasi yake. Na mnapotafuta wa kushirikiana naye, msimchague rafiki mliyekua naye mtaa mmoja.