Mugumo wa Thika una binamu Sri Lanka

Vijana wengi wa Ruiru na Thika wanaota kutembea Asia: Bangkok, Bali, Kyoto. Simu zimejaa picha za mahekalu, na kila mtu anataka kupiga yake. Poa. Lakini siku ukipata nauli, pitia pia Anuradhapura, Sri Lanka. Pale kinachoheshimiwa kuliko majengo yote ni mti.

Unaitwa Jaya Sri Maha Bodhi. Inaaminika ulipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, kutokana na tawi la ule mti wa India ambao Buddha alikaa chini yake akafunuliwa ukweli. Nje, mtaa una shughuli zake: tuktuk, kelele, wachuuzi wa maua ya yungiyungi. Ukifika langoni unavua viatu. Ndani watu wamevaa nyeupe, wanasali kwa sauti ya chini. Matawi yaliyozeeka yameegemezwa kwa vyuma vya rangi ya dhahabu, yasije yakaanguka.

Sasa sikiza hii: kwa wanasayansi, mti huo na mugumo ni wa ukoo mmoja, Ficus. Ni binamu kabisa!

Na Thika tulikuwa na wetu. Mtabiri Mugo wa Kibiru, yule aliyeonya kwamba watakuja wageni wenye ngozi kama ya chura pamoja na nyoka wa chuma, yaani reli, inasimuliwa alisema pia kuwa utawala wao utakwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Wakoloni, kusikia hivyo, wakauzungushia mti chuma. Wapi! Ulianguka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Leo mahali hapo panaitwa Mugumo Gardens.

Kwa hivyo miti yote miwili ilitiwa chuma. Kule Sri Lanka kiliwekwa na wanaoupenda mti. Hapa Thika, na waliouogopa. Hata hivyo, hakuna aliyeuona kuwa kuni tu.

Sisi je? Wazee wa Agikuyu walisali chini ya mugumo wakielekea Kirinyaga, na kuukata ulikuwa mwiko. Siku hizi Ruiru mashamba ya kahawa yamekuwa ploti za hamsini kwa mia, na buldoza haliulizi mti una historia gani. Shida si nyumba, maana watu lazima walale mahali. Shida ni kuwa mti usiojulikana na yeyote hauna wa kuutetea.

Basi Jumamosi hii panda matatu Ruiru, pita Juja, ushuke Thika, uulizie Mugumo Gardens. Pasipoti haihitajiki. Kisha ukirudi nyumbani, muulize guka au shosho: mugumo wa mtaa wetu ulikuwa wapi? Kama bado umesimama, nenda ukauone kabla ploti haijauzwa.