Mwanya, Pengo na Mchezo: Istilahi za Kupanga Difu ya Gari

Utangulizi

Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kutoka Kasulu na Kitanga hadi Kibondo, gari si chombo cha anasa. Ndilo libebalo maharage, mahindi na mihogo kwenda sokoni, na ndilo limchukualo mgonjwa hospitali. Ijapokuwa lami imekuwa ikijengwa katika njia kuu, njia nyingi ziendazo vijijini ni za udongo, zenye vilima na matope wakati wa mvua. Njia za namna hii huichosha sana difu, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Gereji yenye vifaa ikiwa mbali, difu hufunguliwa nyumbani, juu ya turubali, na fundi mwenye spana zake na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapokutana na kazi ya mfasiri. Fundi akisomewa maelekezo kwa Kiswahili kisichoeleweka, hatajua kwamba kosa ni la mfasiri. Atafanya alivyoambiwa, na chuma kitavunjika. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi difu inavyopangwa, na kuchunguza istilahi chache ambazo usahihi wake una uzito mkubwa katika kazi hiyo.

Kazi ya Difu

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Ikiwa umbali baina ya magurudumu mawili ya nyuma ni mita 1.4, gari likigeuka nusu duara gurudumu la nje litakuwa limekwenda takriban mita 4.4 zaidi ya mwenzake. Kama magurudumu hayo yangefungwa katika mtaimbo mmoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni suluhisho la jambo hili mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, na asili ya suluhisho hilo ndiyo tuliyo nayo hata leo.

Nguvu ya injini hupita katika shafti ya propela na kufika kwenye gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huizungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Krauni imefungwa kwenye nyumba yenye gia nyingine ndogo ndani yake, na hizo ndizo zinazoyaruhusu magurudumu mawili kwenda kwa kasi mbili tofauti. Kila abiria wa barabara za matope ameiona kazi hiyo ikigeuka kuwa udhia: gurudumu moja likizama kwenye tope huzunguka bure, na lile lililo pakavu husimama tu. Difu haijaharibika, imefanya kile ilichoumbiwa.

Istilahi Tatu Zinazopotosha

Istilahi ya kwanza inahusu ile nafasi ndogo sana ambayo lazima iwepo kati ya jino la pinioni na jino la krauni. Mfasiri anayefuata neno la Kiingereza litumikalo gerejini huandika "mchezo". Lakini katika Kiswahili cha mafundi, kitu kinachocheza ni kitu kibovu. Usukani ukicheza, gari hupelekwa kwa fundi. Beringi ikicheza, hubadilishwa. Basi fundi akisoma kwamba difu iwe na mchezo, ama atadhani kuna kosa la uchapaji, ama ataukaza mchezo huo mpaka uishe. Meno yasiyo na nafasi hayana pahali pa kuwekea utando wa mafuta wala pa kutanukia yapatapo joto. Huungua, hulia, na mwishowe hukatika.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo limo kinywani mwetu. Nafasi ya asili kati ya meno mawili huitwa mwanya, na mwanya si kasoro. Watu wengi huuhesabu kuwa ni uzuri. Jino likivunjika au kung'oka, nafasi inayobaki huitwa pengo. Kwa hiyo tunaweza kupata maneno matatu yasiyogongana: mwanya ni nafasi iliyokusudiwa, mchezo ni ulegevu uliotokana na kulika, pengo ni mahali palipokatika jino. Fundi wa Kitanga, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kiha, hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Istilahi ya pili inahusu beringi. Beringi za difu hukazwa kiasi fulani hata kabla gari halijabeba kitu, ili pinioni isiyumbe inaposukumwa. Neno la kigeni likifasiriwa sehemu kwa sehemu hutoa "mzigo wa awali". Dereva akilisikia atauliza ni magunia mangapi yapakiwe. Tunapendekeza "mkazo wa beringi", kwa kuwa mkazo ndio fundi anaoufanya na ndio anaoupima.

Istilahi ya tatu ni ya sehemu za jino la krauni. Vitabu vya Kiingereza huuita mwisho mmoja wa jino kisigino na mwingine kidole cha mguu. Picha hiyo haina maana kwetu, kwani jino halina mguu. Yatosha kusema "mwisho wa nje", ulio ukingoni mwa krauni, na "mwisho wa ndani", ulio karibu na kitovu chake. Kwa kimo, jino lina "ncha" na "shina".

Hatua za Kupanga Difu

Sasa tuzitumie istilahi hizo katika kazi yenyewe.

Kwanza, gari liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu ya mbele yazuiwe. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kabla ya kufungua, vifuniko vya beringi vitiwe alama ya kushoto na kulia, kwa kuwa havibadilishani. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kupewa namba moja. Ni pacha, wala haifai kuchukua moja kutoka difu hii na nyingine kutoka difu ile. Meno yahesabiwe pia. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 zina uwiano wa 4.1. Katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma hazina budi kuwa na uwiano mmoja.

Pili, upangwe kina cha pinioni, yaani umbali wake kutoka kitovu cha krauni. Kina hupangwa kwa shimu, ambazo ni pete nyembamba za chuma. Katika difu nyingi shimu hukaa nyuma ya kichwa cha pinioni, na shimu nene zaidi huisogeza pinioni ndani.

Tatu, upatikane mkazo wa beringi za pinioni. Mkono peke yake hauwezi kuupima. Asiye na kipimo maalumu anaweza kuzungushia uzi kwenye flenji ya pinioni na kuuvuta kwa mizani ya ndoana, kama ile ya kupimia nyama, huku pinioni ikizunguka polepole. Kwa mfano, kitabu kikitaka nyutoni-mita 1.2, na nusu kipenyo cha flenji ni sentimita 5, mizani isome karibu kilo 2.4. Difu nyingi hutumia bushi ya kubonyea. Bushi hiyo ikishabonyea hairudi. Nati ikikazwa kupita kiasi, isilegezwe ili kusahihisha, bali bushi mpya itiwe. Ndiyo maana inafaa bushi mpya isitumiwe mpaka kina cha pinioni kiwe kimethibitishwa.

Nne, upimwe mwanya wa meno kwa geji ya mshale, katika sehemu kadhaa za mzunguko wa krauni. Kwa magari mengi madogo mwanya huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20, lakini mwamuzi ni kitabu cha gari lenyewe. Krauni husogezwa kwa nati za pembeni au kwa shimu. Kinachopunguzwa upande mmoja huongezwa upande wa pili, ili mkazo wa beringi za pembeni usibadilike.

Tano, isomwe alama ya mguso. Meno machache ya krauni hupakwa rangi nzito ya kupimia, kisha gia huzungushwa huku krauni ikizuiwa kidogo. Mahali meno yanapogusana rangi huondoka. Utazamwe hasa upande wa jino unaosukumwa gari linapokwenda mbele. Alama ikiwa shinani, pinioni imeingia mno. Ikiwa nchani, pinioni iko mbali. Alama ikielekea mwisho wa nje, krauni iko mbali na pinioni. Ikielekea mwisho wa ndani, iko karibu mno. Alama njema hukaa katikati, bila kukatwa na ukingo wowote. Kila marekebisho yakifanywa, mwanya upimwe upya.

Mwisho, difu itiwe mafuta ya aina iliyotajwa kitabuni, na safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole. Kisha gari lisimame mpaka difu ipoe. Mlio wa kuvuma, au joto lisilo la kawaida, ni dalili kwamba kazi irudiwe. Kuupuuza ni hatari, kwa maana difu ikikwama ghafla mteremkoni, magurudumu ya nyuma hugoma kuzunguka na dereva hupoteza mamlaka juu ya gari.

Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa ikiegemea utaratibu wa kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe na lugha jirani, kabla ya kukopa kwingine. Kwa istilahi za difu, utaratibu huo unatupa mafunzo mawili. Majina ya vitu vinavyoshikika, kama difu, krauni, pinioni, beringi na shimu, yamekwisha kukopwa na mafundi na kufinyangwa kwa matamshi yetu. Kuyaondoa na kuweka "taji" au "kitofautishi" ni kumnyang'anya fundi chombo alichokwisha kukizoea. Lakini majina ya hali na vipimo, kama mwanya, mkazo, kina na alama ya mguso, yafaa yawe ya Kiswahili, kwa sababu hayo ndiyo yanayomwambia fundi la kufanya.

Twapendekeza pia jaribio jepesi kwa kila mfasiri wa maandishi ya ufundi: kabla ya kuyachapa, amsomee fundi, kisha amwombe aonyeshe kwa mikono yake alichoelewa. Mikono ikienda kombo, istilahi ndiyo ya kusahihishwa.

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Anayechomelea jino la krauni lililokatika atalijua hilo safari ya kwanza. Nasi wafasiri tulikumbuke: neno la kupambia ukurasa, lisilomsaidia mtu kazini, litakuwa ni jino la pembe, lenye kung'aa lakini lisilotafuna.