Kabla hujanyanyua mfuko, ujue mgongo wako

Wenzangu wa duka na genge, leo naongelea mtaji ambao hauko kwenye daftari: kiuno.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Shingoni ziko 7, zinazoshika mbavu 12, kiunoni 5. Chini yake kuna zilizoungana hadi kifandugu. Hizo 5 za kiunoni ndizo kubwa kuliko zote, maana zinabeba uzito wa juu wote, pamoja na mfuko wako wa sukari.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kamto: nje kagumu, ndani kana ute mzito. Ukiinama magoti yamenyooka, ukavuta kilo 50 zilizo mbali na mwili, diski inabanwa kwa mbele na ute unasukumwa nyuma. Huko nyuma ndiko inakopita mishipa ya fahamu. Diski ikitokeza ikagusa mshipa, maumivu yanashuka takoni mpaka mguuni. Mtu anachua mguu wiki nzima, kumbe tatizo liko kiunoni!

Mimi nashauri hivi: sogelea mzigo, kunja magoti, ukumbatie, inuka kwa miguu. Ukigeuka, geuza nyayo, siyo kiuno. Ukiweza kuugawa mara mbili, gawa.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu ikaisha nguvu, funga duka. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mwisho wa mwezi.