Taro ikivunjika, tulinde macho kwanza

Wandugu wa ateliye za mine, sisi wote tunajua ile sauti: ta! Taro, kile chuma cha kuchonga njia ya vis, imevunjika na kipande kimebaki ndani ya tundu. Hapa Manono wengi wanakimbilia perseze. Hapana. Taro iko ngumu sana. Meshi ya kawaida haiwezi kuikata, inateleza na kuharibu tundu.

Tunatia kwanza mafuta ya kulegeza kutu, tunangoja. Kama kipande kinaonekana juu, tunakishika na pensi, tunakizungusha mbele na nyuma, kidogo kidogo. Kikikataa, tunasudire ekru juu yake na kukizungusha na ufunguo. Ule moto nao unasaidia kukilegeza. Kama kiko ndani kabisa, tunakivunja na pwanso na nyundo, tunatoa vipande kimoja kimoja. Juu taro iko ngumu, lakini inapasuka kama chupa, na vipande vinaruka usoni.

Ndiyo maana sisi wa sendika tunasema: bila lineti, hakuna kupiga. Sheria ya kazi no 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002 inamuagiza patroni kulinda afya na usalama wa mufanyakazi. Lineti si zawadi. Tena taro iliyochakaa isikatwe kwenye mushahara wa fundi. Patroni akikataa, muone delege wenu siku ileile, mbele ya kushika nyundo. Taro ingine tutaagiza Lubumbashi, jicho, hapana.