Neno "Kifurushi" katika Miongozo ya Programu Huria

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Miongozo yake nayo aghalabu huandikwa kwa ushirikiano: huyu huongeza aya, yule husahihisha, wa tatu hutafsiri. Sehemu ielezayo jinsi ya kuiweka programu katika kompyuta ndiyo inayoongezewa njia mpya kila mara, na hapo ndipo Kiswahili hukwama.

Njia zenyewe ni nyingi. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, imekuwa na APT tangu toleo lake la 1999. Fedora ilihamia DNF mwaka 2015. Homebrew, iliyoanza 2009, hutumiwa hasa katika kompyuta za Mac. Kila mojawapo ni kidhibiti cha vifurushi, yaani chombo kinachoileta programu kutoka ghala la mbali, ikiwa imekwisha kufungwa, pamoja na vyote inavyovitegemea. Fundi wa Kitengela ataelewa upesi. Saruji hununuliwa dukani mjini au huchukuliwa viwandani huko Athi River. Nyumba ni ile ile, ila aliyeelekezwa kwenye duka lisilokuwepo mtaani kwake hurudi mikono mitupu. Ndivyo apatavyo mtumiaji wa Fedora aliyeandikiwa amri ya APT peke yake.

Ugumu zaidi umo katika neno lenyewe. Furushi ni mzigo uliofungwa, na kiambishi ki- huleta udogo. Kwa hiyo kifurushi ni tafsiri nzuri. Lakini Dar es Salaam neno hilo limekwisha kuchukuliwa na kampuni za simu: kifurushi ni muda wa maongezi au data inunuliwayo kwa mkupuo. Kitengela na Kajiado watu husema bando. Basi agizo "pata kifurushi kwanza" halina utata Kajiado, ilhali msomaji wa Dar es Salaam yamkini atashika simu anunue data. Mwongozo ni mmoja, nao husomwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Wako wapendao pakeji. Hao wanaukimbia utata tu, na kuipoteza maana ya kufunga. Yafaa zaidi kuandika "kifurushi cha programu" kwa ukamilifu kila njia mpya inapoanza kuelezwa. Vivyo hivyo kusakinisha na kusanidi visichanganywe: la kwanza ni kuikalisha programu, la pili ni kuipangia itakavyofanya kazi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilitunga faharasa ya istilahi. Miongozo ya pamoja mara nyingi haina faharasa, na kila aongezaye njia huja na maneno yake.

Liko pia suala la toleo. Toleo thabiti la Debian hutoka takriban kila miaka 2. Katikati, vifurushi vyake hupata masahihisho ya usalama, si sura mpya. Mwandishi anayeeleza programu ya mwaka huu, kisha akaongeza njia ya APT bila kutaja toleo litakalopatikana, humwacha msomaji wa Kajiado ametumia bando lake kupakua programu ya zamani, akitafuta menyu isiyokuwepo na kudhani kosa ni lake.