Jamestown: njaa, mahindi na tumbaku
Mwezi Mei mwaka 1607, Waingereza wapatao 104, wote wanaume na wavulana, walijenga ngome ya magogo kando ya mto James, Virginia. Mahali hapo meli ziliweza kufunga karibu na ukingo, lakini palikuwa kinamasi na maji ya kunywa yalichanganyika na chumvi. Wengi walitamani dhahabu kuliko jembe. Waliishi kwa mahindi ya Wapowhatan, wenyeji wa nchi hiyo, waliyoyapata kwa kubadilishana au, mara nyingine, kwa mabavu. Uhusiano ulipovunjika, majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yaliwaacha hai takriban 60 tu kati ya mamia. Tumbaku ndiyo iliyoliokoa koloni, nayo ikadai ardhi zaidi ya wenyeji na, kuanzia mwaka 1619, jasho la Waafrika waliotekwa Angola.